Virusi Vinavyojificha Utumboni mwa Mtoto Mchanga

Mtoto mchanga anapohara damu, tumbo likavimba na maziwa yakatapikwa, wengi hudhani ni bakteria. Huenda chanzo kikawa sitomegalovirusi, vilivyomfikia kupitia kondo la nyuma kabla hajazaliwa. Virusi hivi huweza kuchubua utando wa utumbo, kuutoboa, au kuacha kovu linaloubana baadaye.

Mhudumu, pima mkojo au mate kabla ya siku 21 tangu kuzaliwa. Zikipita, ni vigumu kubaini iwapo aliambukizwa tumboni au baada ya kuzaliwa. Gansiklovia hutolewa kwa mshipa, damu ikipimwa mara kwa mara, kwani hupunguza chembe nyeupe. Usikivu nao ufuatiliwe kwa miaka.

Mama mjamzito, nawa mikono kila umbadilishapo mtoto nepi.