Namba ya Mashine Haikutumi Dukani

Taa ya injini ikiwaka, gari hupelekwa kwa mwenye mashine ya kupimia, mashine hutoa namba, na saa hiyohiyo mwenye gari hutumwa kununua spea. Hapo ndipo hela zinapopotea. Namba ile inaeleza kompyuta ya gari imeona nini. Kifaa kilichosababisha bado kinatakiwa kutafutwa, na kazi hiyo ni ya fundi.

Itazame kwanza taa yenyewe. Ni ya njano, tofauti na ile nyekundu ya oili inayokutaka uzime injini papo hapo. Ikiwaka mfululizo na gari halijabadilika nguvu wala joto, endesha taratibu hadi gereji. Ikiwakawaka, injini inamisi vibaya: petroli isiyoungua inapita hadi kwenye ekzosi, inaungulia ndani ya masega, yale yanayosafisha moshi, nayo yanaweza kuyeyuka. Ondoa mguu kwenye mafuta na uegeshe mapema.

Soketi ya kupimia, yenye matundu 16, huwa chini ya dashibodi upande wa dereva. Marekani iliilazimisha, pamoja na mpangilio mmoja wa namba, kwa magari madogo kuanzia modeli za 1996, na nchi nyingine zikafuata. Ndiyo maana namba kama P0171 ina maana ileile kwenye gari la Japani na la Ujerumani.

Hiyo P0171 nataka tuiangalie kwa karibu, maana imewatia watu wengi hasara. Gramu moja ya petroli huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Sensa ya oksijeni ikiona hewa imezidi, kompyuta huongeza petroli. Ikiongeza mpaka ikafika kikomo chake, huwasha taa na kuandika P0171. Mara nyingi sensa imefanya kazi yake barabara, lakini ndiyo inayong'olewa na kutupwa! Fundi makini hufungua vipimo hai na kusoma asilimia ya petroli inayoongezwa. Tuseme gari limesimama, injini inanguruma tu, na nyongeza ni asilimia 25. Ukikanyaga mafuta hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, inashuka hadi 5. Basi kuna hewa inayoingia kwa wizi. Tafuta mpira uliopasuka au gasketi ya menifoldi. Nyongeza ikipanda kadiri unavyokanyaga, shuku pampu, filta ya petroli, au sensa ya hewa iliyojaa vumbi. Namba ni moja, tiba ni tofauti kabisa, na jibu limepatikana kabla ya kununua chochote.

P0301 ni kumisi kwa silinda ya kwanza. Kwa magari yenye koili moja kwa kila silinda, hamisha koili ya silinda ya kwanza iende ya pili, na ya pili iende ya kwanza, futa namba, kisha endesha. Ikirudi P0302, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0301, chunguza plagi, nozeli, na mgandamizo wa silinda.

P0420 inasema masega hayasafishi moshi inavyotakiwa. Hapa ushauri unaotolewa ovyo ni kuyatoa, eti gari lipumue. Unanikera sana. Ndani ya masega kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya thamani, na anayekushauri uyatoe huenda tayari ana mnunuzi. Moshi usiosafishwa nao unaishia vifuani mwa wanaotembea kando ya barabara. Masega yakiwa yamekufa kweli, tafuta kilichoyaua, kama kumisi kwa muda mrefu au injini inayokula oili, la sivyo mapya nayo yatakufa.

Mwambie fundi asifute namba kabla ya kuandika hali ya gari wakati taa ilipowaka: mwendo, joto, mizunguko. Kompyuta huhifadhi vipimo hivyo, na kufuta huviondoa vyote.

Ukinunua gari lililotumika, washa swichi bila kupiga stata. Taa ya injini lazima iwake. Isipowaka, huenda imekatwa makusudi. Kisha chomeka mashine utazame majaribio ya ndani ya kompyuta. Mengi yakionyesha hayajakamilika, inawezekana namba zilifutwa muda mfupi uliopita, au betri ilichomolewa. Omba uliendeshe siku kadhaa, upime tena, ndipo mzungumze bei.