Kidole Kinachojua Kabla ya Jicho

Msomaji wetu mmoja, karani wa masjala mkoani Tanga, ametuandikia kuhusu jambo ambalo wapigachapa wengi wamelihisi bila kulisema. Anachapa barua, macho yako kwenye rasimu, mara vidole vinasita. Akiinua macho kutazama kioo cha kompyuta, kweli, herufi imekosewa. “Nani aliyeviambia vidole?” anauliza.

Sitatumia nafasi hii kueleza neva ni nini. Vitabu vya biolojia vya sekondari vinayo hayo. Twende moja kwa moja kwenye kibodi.

Mwaka 2010 Gordon Logan na Matthew Crump wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, walichapisha katika jarida la Science jaribio ambalo hunifurahisha upya kila nikilisoma. Waliwakalisha wapigachapa hodari mbele ya kompyuta iliyopangwa kuwahadaa. Mara nyingine mtu alikosea, nayo ikamsahihishia kimyakimya. Mara nyingine alichapa sawasawa, nayo ikapachika kosa ambalo hakulifanya. Walipoulizwa kama wamekosea, walikubali lawama za makosa ya kupachikwa, na neno lililosahihishwa na mashine wakalihesabu kuwa kazi yao safi. Waliamini kioo. Vidole havikuhadaika. Vilipunguza kasi baada ya kosa la kweli hata pale kioo kilipoonyesha neno zima, na baada ya kosa la kupachikwa viliendelea kwa mwendo uleule.

Chukulia jahazi linalovuka usiku kutoka Pangani kwenda Unguja. Nahodha anatazama taa ya mnara. Yeye ndiye mwenye safari. Kwenye usukani yupo baharia asiyetazama mbali. Huyu anaijua bahari kwa kiganja: usukani unavyovuta, chombo kinavyolala upepo ukizidi. Nahodha humwambia waelekee wapi, wala hamfundishi namna ya kulipokea kila wimbi, angejaribu, wasingefika. Sasa mtu mwenye hila aihamishe ile taa. Nahodha ataapa kwamba wamo njiani, ilhali mwenzake wa usukani ameshahisi mkondo unawasukuma kando na mkono wake umeanza kupinga. Ndani ya mpigachapa wamo wote wawili. Mmoja huchagua maneno na kusoma kioo, mwingine hupiga vitufe na kusikiliza vidole. Kila mmoja ana njia yake ya kugundua kosa, na ukimhoji mtu, anayejibu ni nahodha.

Huyu wa usukani anajuaje mapema hivyo? Ubongo ukituma amri kwa kidole, hujiwekea kumbukumbu ya kile ulichoamuru, kisha huilinganisha na kile ulichokusudia. Kumbukumbu hiyo nimeamua kuiita nakala ya amri. Kuna aliyenishauri niseme mwangwi, nikakataa: mwangwi hurudi baada ya sauti, na nakala hii hutoka pamoja na amri yenyewe. Ndiyo maana ubongo hauna haja ya kungoja habari kutoka machoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa Ujerumani na wa Marekani, kila kundi kivyake, waliwavalisha watu elektrodi kichwani na kuwapa kazi rahisi ya kubonyeza kitufe haraka. Kila mtu alipokosea, wimbi la umeme lilijitokeza katikati ya kichwa, upande wa mbele, likafika kileleni kabla milisekunde 100 hazijapita. Kupepesa jicho huchukua muda mrefu zaidi.

Wapiga piano wanashangaza zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliwapima wanamuziki stadi wakicheza, na ukakuta kwamba kitufe kisicho sahihi hupigwa kwa nguvu kidogo kuliko kilicho sahihi. Wimbi la ubongo nalo lilianza kubadilika takriban milisekunde 100 kabla kitufe hakijabonyezwa. Amri imeshatoka, kosa limeshajulikana, mkono haukuwahi kuzuiwa, umelegezwa tu.

Haya ni ya maabara, na kazi za ofisini zina mengi zaidi ya vitufe. Hata hivyo naona kwamba mahali pa kazi tunamsikiliza nahodha peke yake. Tunakagua barua iliyokwisha kutoka, tunahesabu makosa yaliyoonekana, na ule msito wa karani au wa nesi aliyeshika bomba la sindano hauandikwi popote. Msito ukikosa mahali pa kusemwa, unapotea pamoja na kosa lake.

Amy Edmondson wa Harvard alikutana na jambo hili upande wa pili. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1996 kuhusu makosa ya dawa hospitalini, alitegemea kuona wodi zenye viongozi wazuri zikiwa na makosa machache. Takwimu zikamwonyesha kinyume: wodi hizo ndizo zilizokuwa na makosa mengi. Akamtuma msaidizi asiyezijua takwimu hizo akae wodini, awatazame manesi wakifanya kazi na kuwahoji. Msaidizi alirudi na mpangilio wake wa wodi, kuanzia zile ambazo manesi walizungumza makosa waziwazi hadi zile walikoyaficha kwa hofu ya kukaripiwa. Mpangilio huo ulikaribia kufanana kabisa na ule wa idadi ya makosa: penye uwazi, ndipo yalipoandikwa mengi.