Chora irabu zako mwenyewe kwa tarakilishi

MWANAFUNZI wa isimu aingiapo katika chumba cha mtihani huwa na hakika ya jambo moja: ataulizwa kuhusu irabu, naye atachora ule mchoro wa pembe nne, i akiiweka juu kushoto, u juu kulia na a chini. Aliunakili kutoka ubaoni, na mwalimu wake aliunakili kutoka kitabuni. Ukimwuliza irabu hizo ni za kinywa cha nani, hana jibu.

Siku hizi anaweza kujibu kwamba ni za kinywa chake mwenyewe. Aliye na tarakilishi, hata iliyozeeka, na saa mbili za alasiri ya Jumapili, anaweza kupima irabu zake na kuzichora.

Programu inayotumiwa na wengi kwa kazi hii ni Praat, ambayo Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, Uholanzi, walianza kuitengeneza katika miaka ya 1990. Jina hilo kwa Kiholanzi lina maana ya kuongea. Haiuzwi, na ukishaiweka katika mashine huhitaji intaneti tena. Sura yake haipendezi, lakini hatuitafutii mchumba.

Hupimwa nini hasa? Nyuzi za sauti zikitikisa hewa kooni, kinywa hufanya kazi kama chupa inayopulizwa: huyapa nguvu masafa fulani kuliko mengine. Masafa hayo yenye nguvu huitwa fomanti. Fomanti ya kwanza hupanda kadiri kinywa kinavyofunguka na ulimi kushuka, ndiyo maana ni kubwa katika a na ndogo katika i na u. Ya pili hupanda ulimi unaposogea mbele. Basi nambari mbili tu zatosha kuonyesha mahali pa irabu. Mnamo 1952, Gordon Peterson na Harold Barney wa maabara ya Bell, Marekani, walichapisha vipimo vya watu 76 wasemao Kiingereza. Kwa wanaume, irabu inayokaribiana na i yetu ilikuwa na wastani wa hezi 270 na 2290, na ile inayokaribiana na a hezi 730 na 1090. Kilichohitaji maabara nzima wakati ule sasa hukaa mezani pamoja na vikombe vya chai.

Anza kwa kutafuta maneno yanayotofautiana irabu tu. Kiswahili kimetujalia tata, teta, tita, tota na tuta. Liweke kila neno katika sentensi moja isiyobadilika, kama vile "Sema tata tena", na uisome mara tano. Zima runinga, funga dirisha lililo upande wa matatu, na ikiwezekana simama karibu na kabati lililojaa nguo, kwa maana nguo humeza mwangwi. Ukirekodi kwa simu, hifadhi sauti katika faili ya WAV. Usijitumie kwa WhatsApp, kwa sababu sauti hubanwa njiani na vipimo vikaharibika.

Fungua sauti hiyo katika Praat, agiza fomanti zionyeshwe, na uweke mshale katikati ya irabu ya kwanza ya neno, mbali na zile t mbili. Bonyeza kitufe cha F1 kilicho juu ya kibodi upate fomanti ya kwanza, kisha F2 upate ya pili. Ila jihadhari na kikomo cha masafa, ambacho wengi husahau kukirekebisha: hezi 5000 kwa mwanamume, 5500 kwa mwanamke, na zaidi ya hapo kwa mtoto. Irabu u nayo ni tundu, kwani fomanti zake mbili hukaribiana hata mashine ikazidhani ni moja. Ukiona u yako imeruka hadi mahali pa i, usilaumu ulimi wako. Pima upya.

Ziandike nambari katika programu ya majedwali, ile ile ya wahasibu, kisha uchore nukta: fomanti ya pili kwenye mhimili wa ulalo na ya kwanza kwenye mhimili wa wima. Pindua mihimili yote miwili ili nambari kubwa ziwe kushoto na chini. Usipopindua, i itaangukia chini kulia nawe utadhani umekosea kila kitu. Usichanganye nukta za baba na za mtoto katika mchoro mmoja, kwa kuwa kinywa kidogo hutoa fomanti za juu zaidi.

Utamu huanza ukiipima lugha ya mama. Kiswahili kina irabu tano, Gikuyu saba, na Dholuo huhesabiwa kuwa na tisa ingawa huandikwa kwa herufi tano. Mtoto anayechekwa shuleni kwamba "anavuruga" o na u huenda ana irabu ya tatu kati ya hizo mbili, nayo itaonekana mchoroni ikiwa na mahali pake. Ndiyo ile ũ ya Wambũi na Wanjikũ, ambayo makarani waliinyang'anya alama yake kwa kuwa taipureta hazikuwa nayo.

Irabu hizo zilichunguzwa London miaka ya 1930 na Lilias Armstrong wa University College, aliyefariki mwaka wa 1937. Kitabu chake kuhusu sauti na toni za Gikuyu kilitoka 1940. Msemaji aliyemtegemea alikuwa Jomo Kenyatta, miaka mingi kabla hajawa Rais. Mama huyo alifanya kazi hiyo kabla ya tarakilishi, akilitegemea zaidi sikio lake.

Ikiwa nyanya yuko nyumbani Jumapili hii, mwombe ruhusa umrekodi kabla hujajirekodi wewe. Andika tarehe, mahali alikozaliwa na lugha alizokua akizisikia, kisha umpe nafasi ya kunywa maji. Maneno ishirini na tano mfululizo hukausha koo.