Taa Nyekundu za Gari la Zamani: Husema Nini, na Hunyamaza Lini?

Gari la siku hizi lina kompyuta inayopima mambo mengi kwa wakati mmoja. Gari la zamani, liwe Peugeot 504, Volkswagen au Land Rover, halina msaada huo. Mwendeshaji wake ana vipimo vichache na taa mbili tatu nyekundu, na hizo ndizo zinazosimama baina yake na hasara, pengine baina yake na mauti. Magari hayo yangali yakitumika, na fizikia inayoziendesha taa zake ni ileile inayofundishwa katika shule za sekondari. Kwa hiyo yafaa tuichunguze, hasa kwa sababu watu wengi huamini jambo moja lisilo kweli, yaani kwamba taa isipowaka mambo yote ni salama.

Taa ya breki

Mfaransa Blaise Pascal, aliyeishi kati ya mwaka 1623 na 1662, alionyesha kwamba kanieneo inayotiwa juu ya kiowevu kilichofungiwa huenea sawasawa pande zote. Mguu ukikanyaga pedeli, pistoni ya masta silinda huisukuma oili ya breki, na kanieneo hiyo hufika katika magurudumu yote. Hapo ndipo penye ubora wa mfumo huu, na hapo ndipo penye hatari yake: bomba moja likipasuka, kanieneo hupotea kote.

Kwa ajili hiyo watengenezaji waliugawa mfumo katika njia mbili zisizotegemeana, ili moja ikifa nyingine ibaki. Marekani ililifanya jambo hili kuwa sharti la kisheria kwa magari mapya ya abiria tangu Januari 1968, pamoja na taa ya kumwonya mwendeshaji. Katika magari mengi ya wakati huo swichi ya taa ni pistoni ndogo iliyowekwa katikati ya njia hizo mbili. Kanieneo zikiwa sawa, pistoni hutulia. Upande mmoja ukilegea, upande wa pili huisukuma ikagusa nyaya, na taa ikawaka.

Aina nyingine ya swichi ni boya lililomo ndani ya kopo la oili ya breki. Oili ikipungua boya hushuka na kuunganisha umeme. Swichi ya breki ya mkono nayo aghalabu huunganishwa sambamba na ile ya boya, na zote mbili huwasha taa moja. Ndiyo maana mwendeshaji aliyekwisha kuishusha breki ya mkono, na bado akaiona taa inawaka, hapaswi kuipuuza.

Hapa pana fundisho. Oili ya breki haitumiki kama petroli. Ikipungua, ama inavuja, ama pedi zimekwisha na pistoni za magurudumuni zimesogea mbele, zikaacha nafasi ambayo oili huijaza. Mwenye gari anayeongeza oili tu bila kutafuta sababu ameizima taa, lakini hakuuondoa ugonjwa.

Taa ya joto

Maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Sentigredi pwani, lakini mjini Iringa, ambako hewa ni nyepesi zaidi, huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kofia ya rejeta hulitatua tatizo hilo kwa kuyafungia maji. Kanieneo ya ndani ikizidi ile ya nje kwa kiasi cha angahewa moja, maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120. Kofia iliyolegea ni adui mkubwa wa injini, na ni hatari kuifungua injini ikiwa ya moto, kwa maana kanieneo ikiondoka ghafula maji hugeuka mvuke papo hapo na kumbabua mtu.

Joto hupimwa na kihisi kilichopachikwa mahali maji yapitapo. Ndani yake mna kipande ambacho ukinzani wake wa umeme hupungua kadiri kinavyopata moto. Kihisi cha taa peke yake huweza kuwa utepe wa metali mbili unaopinda kwa joto mpaka ukagusana na ncha ya waya.

Sasa tufikirie gari linalopanda mlima Kitonga katika barabara ya Morogoro na Iringa. Bomba la maji linapasuka na maji yote yanamwagika. Kihisi, ambacho kiliwekwa kipime maji, sasa kimezungukwa na hewa na mvuke, na hewa haipitishi joto vema kama maji. Mshale huweza kushuka wakati chuma cha injini kinazidi kuwaka. Mwendeshaji anafurahi kwamba gari limepoa, na baada ya muda mfupi injini inanoki. Mshale wa joto unaoshuka ghafula mlimani, bila sababu, ni onyo sawa na ule unaopanda.

Volkswagen ya zamani, ile iliyofanana na kobe, haina maji kabisa. Hupozwa kwa hewa. Feni yake huzungushwa na mkanda uleule unaozungusha jenereta. Kwa hiyo taa nyekundu ya umeme ikiwaka safarini, huenda mkanda umekatika na injini haipozwi tena. Asiyelijua jambo hilo hudhani ni betri tu, akaendelea na safari.

Ukimya si ushahidi

Katika magari mengi taa hupata umeme kutoka kwenye swichi ya ufunguo, na kihisi huukamilisha mzunguko kwa kuuunganisha na bodi ya gari. Waya wa kihisi ukikatika, taa haiwezi kuwaka hata hatari iwe kubwa namna gani. Vivyo hivyo balbu ikiungua au fyuzi ikikatika. Tena, zipo hatari ambazo swichi haikuundwa kuzitambua. Gari linaloteremka Kitonga kwa breki mfululizo huweza kuichemsha oili yake, hasa ikiwa ni kuukuu, kwani oili ya kawaida hunyonya unyevu wa hewa. Oili ya daraja la DOT 3 ikiwa mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205. Ikishanyonya maji, kipimo hicho hushuka hadi nyuzi 140. Mvuke hubonyea, pedeli huzama hadi chini, nalo boya limetulia juu kwa kuwa oili haijapungua.

Wataalamu wa reli walilikabili tatizo hili mapema. Mwaka 1872 Mmarekani William Robinson alipata hataza ya mfumo ambao umeme hupita katika reli wakati wote njia ikiwa wazi. Treni ikiingia, magurudumu yake huugeuza mkondo njia na ishara hubadilika kuwa ya hatari. Reli ikikatika au betri ikifa, ishara hiyohiyo ya hatari hutokea. Hitilafu yenyewe hujitangaza. Baadhi ya magari ya miaka ya 1980 yalifuata kanuni hii katika kupima kiasi cha maji: ncha mbili za chuma huzama majini, na taa huwaka umeme usipopita kati yake.

Jaribio la darasani

Chukua kopo, kizibo cha kuelea, njiti, betri mbili za tochi na balbu yake. Simamisha njiti juu ya kizibo, ipite katika tundu la kifuniko, na kileleni mwake funga kipande cha kukingama kilichozungushiwa karatasi ya alumini. Juu ya kifuniko weka nyaya mbili tupu zisizogusana. Punguza maji, kipande kitashuka, kitaziunganisha nyaya, na balbu itawaka. Kisha kata waya mmoja, urudie. Wanafunzi waulizwe: je, mtaupangaje mzunguko ili waya uliokatika nao uwashe taa?

Mwenye gari naye ana jaribio lake. Fungua ufunguo bila kuwasha injini, uone kama taa zinawaka. Lakini hilo hupima balbu na fyuzi tu. Ili kukipima kihisi chenyewe, shusha breki ya mkono, kisha inua kifuniko cha kopo la oili ya breki, boya lishuke, na mtu mwingine aitazame taa. Tahadhari oili isimwagikie rangi ya gari wala machoni. Taa isipowaka hapo, gari lipelekwe kwa fundi kabla ya safari.