Matairi Mapana Nyuma, Membamba Mbele: Hesabu Kwanza, Duka Baadaye

Hapana askari atakayetia katika bunduki yake risasi ya kipimo kingine kwa sababu tu inang'aa au imeuzwa kwa bei nafuu. Lakini askari huyo huyo, akiisha kupata gari kuukuu la kumwingizia riziki, huenda dukani akachagua matairi kwa kutazama upana na weusi wake. Tairi nalo ni chombo chenye kipimo. Likikosewa, watakaodhurika ni dereva, abiria waliomwamini, na mwenda kwa miguu aliye kando ya barabara.

Makala hii yaeleza jinsi ya kuchagua matairi ya gari la kubebea watu na mizigo ambalo mwenyewe ameamua kulifunga magurudumu mapana nyuma na membamba mbele. Mfano wetu ni Volkswagen Transporter ya toleo la tatu, ambayo wengi huiita Kombi. Toleo hilo lilianza kutoka kiwandani Ujerumani Magharibi mwaka 1979, na huko Afrika Kusini liliendelea kutengenezwa hadi mwaka 2002. Polisi na jeshi la Ujerumani Magharibi walilitumia pia.

Kwa nini nyuma kuwe kupana?

Injini ya gari hili iko nyuma pamoja na sanduku la gia, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayolisukuma. Mzigo unaowekwa juu ya injini huongeza uzito hapo hapo. Tairi pana nyuma husaidia mkia wa gari kushika njia katika kona. Kinyume chake ni hatari: mbele kukishika sana na nyuma kukiteleza, gari hugeuka kama pia, na dereva wa kawaida hana muda wa kulirudisha. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kwamba, ikiwa upana utatofautiana, mapana yawe nyuma daima.

Kuisoma namba

Tairi la asili la gari hili huandikwa 185R14 C. Maana yake ni upana wa milimita 185, tairi la radiali, rimu ya inchi 14, na herufi C huonyesha kuwa ni tairi la gari la mizigo. Ubavu wa tairi la namna hii huwa na urefu wa takriban asilimia 80 ya upana wake, na kimo chake chote ni kiasi cha milimita 650. Kimo hicho ndicho kipimo cha kushikilia tunapotafuta matairi mapya.

Tuseme mwenye gari amepata rimu za inchi 15, na mbele anataka 205/65R15. Inchi 15 ni milimita 381. Asilimia 65 ya 205 ni milimita 133.25, ukihesabu ubavu wa juu na wa chini hupata 266.5. Jumla ni milimita 647.5. Nyuma anataka 225/60R15: asilimia 60 ya 225 ni 135, mara mbili ni 270, na jumla ni 651. Tofauti kati ya mbele na nyuma ni milimita 3.5 tu, na yote mawili yako karibu kabisa na tairi la asili. Hilo ni chaguo la mtu aliyepiga hesabu.

Sasa tuseme muuza duka hana 225/60, akamshawishi achukue 225/70R15 kwa kuwa upana ni ule ule. Kimo cha tairi hilo ni milimita 696. Mkia wa gari utainuka, na kila gia itakuwa ndefu kwa kiasi cha asilimia 7. Injini iliyokwisha kuchoka itashindwa na mlima, na ukiteremka kwa gia ile ile, itakuzuia kidogo kuliko zamani. Tena dereva hataonywa na saa ya mwendo, kwa maana katika gari hili waya wa saa hiyo hutoka gurudumu la mbele la kushoto.

Wenye lile la kuendeshwa kwa magurudumu manne, liitwalo Syncro, lililotoka mwaka 1985, wawe waangalifu zaidi. Mbele na nyuma zimeunganishwa kwa kifaa chenye mafuta mazito. Vimo vya matairi visipolingana, kifaa hicho hufanya kazi bila kupumzika, kikapata joto na kuharibika. Kwao kimo sawa ni sharti.

Uzito ndio unaoua

Kando ya kipimo huandikwa namba nyingine, mathalani 102 au 96. Hiyo ni namba ya uzito. Namba 102 maana yake tairi moja hubeba kilo 850, na 96 ni kilo 710. Tuseme ekseli ya nyuma imeruhusiwa kilo 1,300, yaani kilo 650 kwa kila tairi. Mtu atasema 710 yatosha. Lakini sheria za Marekani hutaka tairi la gari dogo, likifungwa katika gari la aina hii, uwezo wake ugawanywe kwa 1.10. Gawanya 710 na utapata kilo 645. Tairi limepungukiwa, ijapokuwa kwa macho laonekana nene na lenye nguvu. Heri kutafuta la kipimo hicho hicho lenye namba kubwa zaidi, kama 100, ambalo ni kilo 800, au kurudi kwenye tairi la herufi C.

Tairi lililozidiwa, au lenye upepo pungufu, hukunjika ubavu kila linapozunguka. Kukunjika huzaa joto, na joto hupasua. Jua letu na safari ndefu huongeza joto hilo. Tazama kibandiko cha gari upate kipimo cha upepo cha mbele na cha nyuma, na upime asubuhi tairi likiwa baridi.

Rimu, boliti na spea

Tairi la 205/65R15 hukaa vema katika rimu ya upana wa inchi 6, na 225/60R15 katika inchi 7. Rimu ya asili ni inchi 5.5. Ukitia ya inchi 7 yenye kikao kile kile, itaongezeka milimita 19 ndani na milimita 19 nje. Jaza gari mzigo, kata usukani wote kulia kisha kushoto, uone kama kuna mahali panapogusa.

Wengine huazima rimu za Mercedes-Benz kwa kuwa matundu matano yamo katika duara la milimita 112, sawa na Kombi hii. Matundu kulingana hakutoshi. Unene wa boliti na umbo la mahali zinapokaa ni lazima vilingane pia, ama sivyo gurudumu litachomoka njiani.

Spea hukaa katika trei chini ya pua ya gari, nayo ilipimwa kwa tairi jembamba. Chukua spea ya kipimo cha mbele. Kwa kuwa vimo vinakaribiana, itaweza kukufikisha gereji hata ikifungwa nyuma, mradi uende polepole. Kumbuka pia kuwa hutaweza kubadilishana matairi ya mbele na ya nyuma ili yalike sawasawa. Yanunue mawili mawili.

Mwisho, soma tarehe. Tairi lililotengenezwa tangu mwaka 2000 lina tarakimu nne ubavuni: 3118 ni wiki ya 31 ya mwaka 2018. Tairi lililokaa dukani miaka mingi limezeeka, hata kama halijagusa barabara.

Haya yote ni kwa gari la mtu binafsi. Gari la kikosi halibadilishwi rimu wala tairi kwa hiari ya dereva. Apeleke maoni yake kwa afisa usafirishaji, na yaandikwe daftarini. Mwenye gari lake mwenyewe naye afanye vivyo hivyo: aandike kimo, uzito, upana wa rimu na upepo, aende dukani na karatasi hiyo mkononi, na akatae kila tairi lisilolingana nayo.