Mkanda wa Marumaru Ukutani: Jiwe Linaloogopa Ndimu

Yeyote aliyewahi kukaa katika chumba chenye viti vingi ameiona alama ile: mstari mchafu ukutani, usawa wa mgongo wa kiti, mahali ambapo rangi imechubuka na lipu imeanza kumomonyoka. Kila kiti kinaposukumwa nyuma, ukuta hupigwa palepale. Katika nyumba za Uingereza za karne ya 18, ambako ilikuwa desturi kupanga viti kandokando ya kuta wakati havitumiki, mafundi walipigilia hapo mkanda wa mbao uliochomoza kidogo, ili upokee pigo badala ya ukuta.

Siku hizi mkanda huo hutengenezwa pia kwa marumaru. Ni vipande vyembamba vya jiwe, vyenye ukingo wa mviringo, vinavyopangwa kimoja baada ya kingine juu ya safu ya mwisho ya vigae, kwa kawaida kwenye kimo cha sentimita 80 hadi 90 kutoka sakafuni. Huwekwa jikoni, bafuni na katika chumba cha kulia. Hupendeza macho, lakini mwenye nyumba asiyeijua kemia ya jiwe hilo aweza kuliharibu kwa mkono wake mwenyewe, tena siku ya usafi.

Marumaru ni nini?

Kwanza yafaa tuondoe utata wa jina. Katika mazungumzo ya kila siku, hata vigae vya udongo vilivyochomwa kiwandani na kung'arishwa huitwa marumaru. Marumaru halisi ni mwamba geu. Mwanzo wake ni mawe ya chokaa, ambayo mengi yalitokana na makombe na mabaki ya viumbe wa baharini. Mawe hayo yalipofukiwa chini sana ardhini, joto na mgandamizo viliigeuza sura yake: chembe ndogo zilikua zikawa fuwele kubwa zaidi, zikashikamana, bila jiwe kuyeyuka. Afrika Mashariki inayo marumaru yake, kwa mfano huko Kajiado nchini Kenya, na Morogoro nchini Tanzania.

Kikemia, sehemu kubwa ya marumaru ni kalsiamu kaboneti, CaCO₃. Wakazi wa pwani wameishi na kampaundi hiyo kwa karne nyingi, kwani ndiyo iliyomo katika mawe ya matumbawe. Tumbawe likichomwa hutoa gesi ya kaboni dioksaidi, nayo chokaa kali hubaki. Chokaa hiyo ikichanganywa na maji na kupakwa ukutani, huivuta tena gesi hiyo kutoka hewani, polepole, na kurudi kuwa kalsiamu kaboneti. Kwa hiyo zidaka za lipu katika nyumba za kale za Lamu na mkanda wa marumaru katika nyumba ya kisasa ni ndugu wa tumbo moja.

Adui wa nje na adui wa ndani

Nje ya nyumba, marumaru hukabiliwa na jua na mvua. Fuwele za kalsaiti zikipata joto hutanuka upande mmoja na kusinyaa kidogo upande mwingine. Mabadiliko hayo yakirudiwa kila siku, fuwele hulegezana. Jengo refu la Amoco mjini Chicago, lililokamilika mwaka 1973, lilivikwa vibamba vyembamba vya marumaru kutoka Carrara, Italia. Vibamba hivyo vilipinda na kupasuka, hata ikabidi vyote viondolewe na mahali pake pawekwe granaiti kati ya mwaka 1990 na 1992.

Ndani ya nyumba hatari hiyo ni ndogo. Lakini humo yumo adui mwingine, naye ni asidi. Maji ya ndimu, siki, na baadhi ya dawa za kusafishia vyoo zina asidi. Siki ikidondokea marumaru hutokea hivi:

CaCO₃ + 2CH₃COOH → Ca(CH₃COO)₂ + H₂O + CO₂

Mng'ao hupotea na doa jeupe lisilong'aa hubaki. Doa hilo si uchafu, bali ni mahali ambapo jiwe lenyewe limeliwa. Ndiyo maana mtu akizidi kulisugua kwa ndimu, doa huzidi kupanuka. Dawa ya kuziba vinyweleo vya jiwe husaidia kuzuia mafuta na manjano yasipenye upesi, lakini haizuii asidi kuunguza uso wa jiwe. Dawa iliyo bora ni maji ya vuguvugu, sabuni isiyo na asidi, na kitambaa laini.

Jambo la pili ni ugumu. Katika kipimo cha Mohs, kalsaiti ina daraja la 3, ilhali mchanga wa kwazi una daraja la 7. Unga wa kusugulia wenye mchanga utaikwaruza marumaru bila shida.

Hesabu kabla ya kununua

Tuchukue chumba chenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 3. Mzunguko wake ni mita 14. Tukiondoa mlango wa mita 1, zabaki mita 13. Mkanda wenye upana wa sentimita 5 na unene wa sentimita 2 utakuwa na mjao wa mita za ujazo 0.013. Kwa kuwa mita moja ya ujazo ya marumaru ina kilo 2,700 hivi, mkanda wote utakuwa na kilo 35. Mzigo huo hautashikwa na rangi wala lipu inayobanduka: fundi hana budi kukwangua ukuta hadi mahali pagumu. Kwa marumaru nyeupe atumie gundi ya saruji nyeupe, kwa sababu ya kijivu huweza kuonekana kupitia jiwe.

Jaribio la darasani

Mwalimu akusanye kipande cha marumaru, cha kigae cha udongo, na cha granaiti. Wanafunzi wadondoshee kila kimoja matone ya siki na kutazama mapovu. Kisha wasage marumaru kidogo na kurudia: mapovu yataongezeka, kwa kuwa eneo linaloguswa na asidi limekuwa kubwa. Waulizwe pia: gramu 100 za kalsiamu kaboneti zikiisha kabisa katika asidi, zitatoa gramu ngapi za gesi? Jibu ni 44.

Mwanafunzi aliyeyaona mapovu hayo kwa macho yake atajua, siku atakapopewa ndimu akasafishe ukuta wa nyumbani, kwamba yafaa kwanza aulize ukuta huo ni wa jiwe gani.