Huru na Bure: Linux, Kompyuta Ndogo za Mpakato na Vivinjari

Miongoni mwa maneno mapya ambayo Kiswahili kimeyapata kwa ajili ya kompyuta, yako mawili yastahiliyo kutazamwa kwa makini kwa sababu ya namna yalivyoundwa. La kwanza ni mpakato, lililotokana na kitenzi kupakata, yaani kuweka mapajani, kama mama ampakatavyo mtoto. Kompyuta ya mpakato, basi, ni ile iwezayo kukaa mapajani. Na wako waliouunganisha mzizi huo na neno tarakilishi wakapata kipakatalishi. La pili ni kivinjari, jina la programu ifunguayo kurasa za tovuti. Kuvinjari ni kuzungukazunguka huku na huko kwa kuangaza, kama chombo kinacholinda pwani. Kwa kuwa kitenzi hiki chaishia kwa -i, kama kusafiri na kuhubiri, hakikuhitaji kuongezewa kitu mwishoni; ki- ya ala peke yake ilitosha.

Vitu hivi viwili hukutana katika jambo moja ambalo kila mpenzi wa kompyuta ndogo hulijua. Anayo mashine aliyoinunua mwaka 2007 au 2008. Haijavunjika, vitufe ni vizima na skrini yawaka. Ameiwekea mfumo endeshi wa Linux, nao waenda vizuri. Lakini afunguapo kivinjari ili asome ukurasa mmoja wa siku hizi, mashine yaganda, au ukurasa wakataa kufunguka kabisa. Makala haya yaeleza sababu za jambo hilo, kisha yaonyesha ya kuwa sababu hizo hizo zaihusu kazi ya watafsirio programu kwa Kiswahili.

Asili ya Linux

Linux haikuanza kama mfumo kamili bali kama kiini tu. Kiini ni ile sehemu ya mfumo endeshi isimamiayo prosesa, kumbukumbu na vifaa vingine vya kompyuta, na kuzigawia programu nafasi ya kuvitumia. Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, aliitangaza kazi yake tarehe 25 Agosti 1991, akiifanya juu ya kompyuta yenye prosesa ya Intel 386. Yeye mwenyewe alikuwa amechagua jina la Freax. Aliyeiita Linux ni Ari Lemmke, aliyempa nafasi ya kuihifadhi kazi hiyo ili watu wengine waichukue kwa njia ya mtandao. Jina la Lemmke ndilo lililoshika.

Mwaka 1992 Torvalds aliiweka Linux chini ya leseni iitwayo GPL, iliyoandikwa na Richard Stallman wa Marekani, mwanzilishi wa mradi wa GNU uliotangazwa mwaka 1983. Leseni hiyo yampa kila mtu ruhusa ya kuitumia programu kwa kazi yoyote, kuyasoma na kuyabadili maagizo yaliyoiunda, kuwagawia wengine nakala, na kuwagawia vile vile nakala alizozirekebisha. Sharti ni kwamba nao wapate ruhusa hizo hizo.

Kwa Kiingereza, sifa inayotumika kwa programu za namna hii ni neno moja lenye maana mbili: lisilofungwa na lisilolipiwa. Kwa sababu hiyo Stallman amelazimika kueleza mara nyingi ya kuwa anazungumzia uhuru, wala si bei. Kiswahili hakina utata huo. Huru ni kitu kimoja na bure ni kingine. Programu yaweza kuwa huru na ikauzwa, na yaweza kutolewa bure ilhali mtumiaji amefungwa asiiguse. Wataalamu wa istilahi wamechagua kusema programu huria, na uchaguzi huo ni wa busara. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba bure yenyewe ina maana nyingine pia: isiyo na faida, iliyopotea, kama isemwavyo kazi bure. Maana hii ya pili itahitajika mwishoni mwa maelezo haya.

Kiini peke yake hakimtoshi mtumiaji wa kawaida. Hukusanywa pamoja na programu nyingine, na kila mkusanyo hupewa jina lake. Mmoja uliojulikana sana ni Ubuntu, ulioanza mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hili latoka katika lugha za Kinguni, nalo ni ndugu wa utu la Kiswahili: mzizi ni ule ule, ila Kiswahili kimeiangusha n iliyotangulia t, kama kilivyofanya katika mtu na kitu.

Kompyuta ndogo

Mwaka 2007 zilitokea mashine mbili zilizoleta mabadiliko makubwa. Ya kwanza ni XO-1, iliyobuniwa nchini Marekani na mradi wa Nicholas Negroponte kwa ajili ya watoto wa shule. Ilikuwa na skrini ya inchi 7.5, kumbukumbu ya megabaiti 256, na hifadhi ya gigabaiti 1 tu. Rwanda ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizozigawa kwa wingi katika shule. Ya pili ni Eee PC 701 ya kampuni ya ASUS ya Taiwan. Skrini yake ilikuwa ya inchi 7, kumbukumbu megabaiti 512, hifadhi gigabaiti 4, na uzito wake haukufika kilo moja.

Mashine zote mbili zilitoka zikiwa na Linux, na sababu yaeleweka. Windows Vista, iliyoingia madukani Januari 2007, ilitaka diski yenye nafasi tupu ya gigabaiti 15. Mashine yenye gigabaiti 4 haikuweza kuipokea. Linux, kwa upande wake, iliweza kupunguzwa mpaka ikaenea, kwa kuwa leseni ilimruhusu mtengenezaji kuondoa asichokihitaji, na tena hakutozwa ada kwa kila nakala. Mwaka 2008 Microsoft iliongeza muda wa kuuzwa kwa Windows XP, mfumo wa mwaka 2001, kwa ajili ya mashine hizi ndogo, na tangu hapo Linux ikapungua katika maduka. Kisha kibao cha iPad kikatokea mwaka 2010, na kufikia mwaka 2013 kompyuta ndogo za aina ile zilikuwa karibu zimetoweka sokoni.

Zilitoweka sokoni, lakini si mikononi mwa wenyewe. Wapenzi wa mashine hizi waliendelea kuzitunza: waliongeza kumbukumbu, wakaondoa mifumo iliyokuja nazo na kuweka mikusanyo myepesi ya Linux. Mmoja wa mikusanyo hiyo, Damn Small Linux, ulikuwa na sharti la kutozidi megabaiti 50. Ulipofufuliwa mwaka 2024 sharti hilo lilikuwa limekuwa megabaiti 700, yaani ujazo wa diski moja ya CD. Kuongezeka huku mara kumi na nne hakukutokana na uvivu wa waundaji. Programu ambazo mtu wa leo hawezi kuzikosa zimekua, na kivinjari ni mojawapo ya zile zilizokua zaidi.

Uzito wa kivinjari

Hapo zamani ukurasa wa tovuti ulikuwa maandishi. Kivinjari cha Lynx, kilichoanza mwaka 1992 katika Chuo Kikuu cha Kansas, huonyesha maneno matupu, nacho chatumika hata leo. Mambo yalianza kubadilika mwaka 1995 kampuni ya Netscape ilipoleta JavaScript, lugha ya kuandikia maagizo ndani ya ukurasa. Siku hizi ukurasa mwingi si maandishi ya kusomwa tu. Ni programu kamili, na kivinjari chapaswa kuipokea, kuifasiri na kuiendesha hapo hapo.

Jambo la pili ni usalama. Zamani kurasa zote zilizofunguliwa ziliweza kuwekwa pamoja katika eneo moja la kumbukumbu. Ilipodhihirika kwamba tovuti moja yaweza kuzichungulia siri za nyingine, Chrome mwaka 2018 na Firefox mwaka 2021 vilianza kuitenga kila tovuti katika eneo lake. Ni kama nyumba ambamo kila mgeni apewa chumba chake na ufunguo wake: ni salama zaidi, lakini yataka nyumba kubwa. Megabaiti 512 ni nyumba ya vyumba vichache mno.

Mtu aweza kudhani kwamba dawa ni kubaki na kivinjari cha zamani, kilichokuja na mashine. Dawa hiyo haifai. Tovuti na kivinjari husemezana kwa maficho ambayo kanuni zake hubadilishwa kila zinapogunduliwa kuwa dhaifu. Mwaka 2020 vivinjari vikubwa viliacha kanuni mbili za zamani, na tovuti nyingi zimeacha vile vile. Kivinjari cha mwaka 2007 ni kama mjumbe abishaye mlango kwa neno la siri lililokwisha badilishwa, hafunguliwi.

Viko vivinjari vyepesi vya sasa, kama Dillo, kilichoanza mwaka 1999 na kufufuliwa mwaka 2024. Dillo huenda vizuri katika mashine dhaifu kwa kuwa hakiendeshi JavaScript. Kwa kusoma makala, kamusi na maandishi mengineyo chatosha. Kwa tovuti zilizo programu hakifai kitu.

Ruhusa na utunzaji

Prosesa za Eee PC 701 na XO-1 ni za biti 32. Mwaka 2016 Chrome iliacha kutolewa kwa Linux ya prosesa za namna hiyo. Agosti 2025 mkusanyo wa Debian, uliosifika kwa kutoziacha mashine za zamani, ulitoa toleo la 13 ambalo haliwezi tena kusimikwa katika kompyuta za kawaida za biti 32; na mwaka huo huo Firefox ikatangaza kuziacha katika matoleo yake mapya. Wala Linux yenyewe haikuwa na upendeleo: Desemba 2012 prosesa ya 386, ile ile ambayo Torvalds alianzia kazi yake, iliondolewa katika kiini, kwa sababu kuihudumia kulizidi kuwatatiza waandishi wa sehemu nyingine.

Hapana sheria iliyovunjwa. Leseni haikufutwa, na mtu yeyote ana haki hadi leo ya kuyachukua maagizo ya kiini au ya Firefox na kuendelea kuyatengeneza kwa mashine za biti 32. Lakini kila toleo lataka kujengwa upya, kujaribiwa, na kuondolewa kasoro, wiki baada ya wiki. Ruhusa ipo, mikono ndiyo iliyopungua. Leseni yampa mtu haki ya kutunza, wala haimpi mtunzaji.

Fundisho kwa watafsiri

Jambo hili lawahusu wanafunzi wa lugha kuliko linavyoonekana. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wenzao wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi kwa Kiswahili. Haukuhitaji kumbembeleza mwenye mali, kwani programu zile zilikuwa huria. Hiyo ilikuwa faida ya ruhusa. Lakini tafsiri ya programu haifanani na tafsiri ya kitabu. Maneno ya programu huwekwa katika orodha, kila sentensi ya Kiingereza ikiwa na ya Kiswahili kando yake. Mwandishi wa programu akibadili hata neno moja la asili, kwa kawaida tafsiri yake huachwa kutumika mpaka mtu aikague, na mahali pake hurudi Kiingereza. Matoleo machache yakipita pasipo mkaguzi, skrini huwa nusu Kiswahili na nusu Kiingereza. OpenOffice yenyewe iligawanyika mwaka 2010, ikazaliwa LibreOffice. Hivyo mtafsiri alipaswa kufuata mito miwili badala ya mmoja.

Tena kazi yenyewe si ya kulinganisha maneno tu. Waundaji wa programu hupenda kuandika sentensi yenye pengo, ambamo jina la kitu hutiwa baadaye. Kwa Kiingereza sentensi moja yaweza kutumika kwa kila kitu kilichofutwa. Kwa Kiswahili faili limefutwa, kichupo kimefutwa, picha imefutwa, na ujumbe umefutwa. Kanuni za programu hizi hujali umoja na wingi, lakini hazina habari ya ngeli. Mtafsiri asiye makini huchagua kiambishi kimoja na kukitia kila mahali, na hapo ndipo mashine isemapo kichupo imefutwa. Mtafsiri stadi huigeuza sentensi, akamfanya mtumiaji kuwa mtendaji: umefuta, kisha jina la kitu likafuata bila kudai upatanisho. Maarifa ya namna hii hayamo katika leseni wala katika orodha ya istilahi. Hukaa kwa watu, na watu wakitawanyika hupotea.

Kwa hiyo tafsiri ya programu yafaa ihesabiwe pamoja na kamusi, ambayo hakuna chuo kinachodhani kuwa imekamilika siku ilipochapwa. Yataka daftari la istilahi lionyeshalo si neno tu bali sababu ya kulichagua. Yataka mtu aliyepewa wajibu wa kukagua kila toleo jipya. Na yataka wanafunzi wafundishwao kazi hiyo kabla mkuu wao hajaiacha. Gharama yake si kubwa kwa mwaka mmoja, ila haina mwaka wa mwisho. Pasipo hayo, programu yaweza kubaki huru kwa mujibu wa leseni yake, na kupatikana bure kwa kila aitakaye, na hata hivyo kazi ya watafsiri wake ikawa bure kwa ile maana ya pili.